Chuma Kimeiva

Banda la mhunzi lina giza, na siku ya kwanza nilidhani ni shida tu. Mabati mawili yameshushwa karibu kugusa ardhi upande wa magharibi, magunia ya mkonge yameziba upande wa pili, na saa nane mchana, jua la Korogwe likiwa linachoma utosi, humo ndani mtu anapapasa akitafuta pa kukaa. Kwa ule wema wa watu waliosoma nikamshauri mzee afungue upande mmoja apate mwanga. Alinitazama kidogo. "Mwanangu," akasema, "nikifungua nitaona nini?"

Nilikuwa nimempelekea jembe la mama lililokatika shingo. Jembe lenyewe halikuchukua hata nusu saa. Nilikaa hadi magharibi, na kesho yake nikarudi, kwa sababu ya jibu lile.

Chuma kikitoka motoni hakina cha kukuonyesha joto lake ila rangi. Kipeleke juani: chenye nyuzi 600 za Selsiasi kitaonekana cheusi kama kilicholala nje usiku kucha, na atakayekishika ndiye atakayejua. Kirudishe gizani, kinawaka rangi ya damu ya mzee. Ukifika 800 hivi kinakuwa pilipili iliyoiva; karibu na 950 ni chungwa la Muheza; ukipita 1,100 ni kiini cha yai la kienyeji. Baada ya hapo ni weupe, na cheche zinazopasuka kama vinyota, maana yake chuma kimeanza kuungua na umekipoteza. Mzee hana kipimajoto. Ana giza lake, na ana neno moja, "kimeiva", ambalo hulitamka vilevile kama mpishi anavyolitamka juu ya wali.

Kazi inayompa ugali ni visu vya wakata mkonge. Hutengeneza na majembe, mundu na mashoka ya watu wanaoshuka kutoka njia ya Handeni, lakini visu ndivyo vinavyomjua. Chuma ni springi za malori. Fuawe yake ni kipande cha reli kilichochimbiwa kwenye gogo. Njia ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na sikuuliza kipande hiki kilifikaje bandani. Baba yake alitumia mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Yeye amefunga feni kwenye gurudumu la baiskeli, na mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu hivi huzungusha. Mkaa ni wa Handeni, wa miti migumu. Mkaa usiokauka hautaki, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani ukipata moto hauna pa kutokea, hutoboa njia yake kwa kishindo na kurusha vipande hadi kwenye mguu wa mtu. Mguu ulikuwa wangu.

Jambo nililochelewa kuliona ni ule mpigo wa kwanza. Anapokitoa chuma, kabla hajaanza kukinyoosha, hukigonga mara moja kwa ubapa wa nyundo, si kwa nguvu. Ganda jembamba jeusi hupasuka na kuanguka kama magamba ya samaki, na chini yake rangi huwa nyingine kabisa: juu ulikuwa unaona pilipili, kumbe ndani ni chungwa. "Ngozi ni mwongo," alisema, na hakuongeza neno.

Sasa niseme kilichokuwa kichwani mwangu. Nilikuwa nimeombwa makala kuhusu volkano za sayari na miezi mingine, na nilikuwa nimekwama. Korogwe si mahali pa kuandikia habari hizo. Mawe yetu ya huku, kuanzia vilima vya Handeni hadi ngazi za Usambara, ni ya kale mno. Yalipikwa na kukandwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha yakainuliwa. Volkano tunayoipata sisi ni maji: Mto Pangani unaopita Korogwe ya Zamani hubeba mvua zilizonyesha Kilimanjaro na Meru. Nilikaa na vitabu vyangu nikiyajua maneno yote na sikijui kitu chenyewe, mpaka mjukuu alipotia motoni msumari wa nchi sita pamoja na kichwa cha nyundo kilichokuwa kinarekebishwa.

Viliiva pamoja, vikatolewa pamoja, vyote rangi ya chungwa. Nikahesabu. Sikufika thelathini msumari umeshazimika. Kichwa cha nyundo kiliendelea kuwaka hadi tukamaliza chai.

Hapo ndipo mlango ulipo. Kila sayari huzaliwa ya moto, kwa migongano ya mawe yaliyoiunda, na sayari zetu zilizaliwa miaka bilioni 4.5 na ushee iliyopita. Juu ya joto hilo la kuzaliwa kuna la pili, linalotolewa polepole na urani, thoriamu na potasiamu zilizomo ndani ya mawe. Lakini joto hutokea kwenye ngozi tu, na kilicho kidogo kina ngozi kubwa kwa nyama kidogo. Mwezi wetu ni msumari. Yale mabaka meusi tunayoyaona mwezi mpevu ni nyanda za lava iliyojaza mabonde, sehemu kubwa zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Mawe ambayo chombo cha Wachina, Chang'e 5, kilileta mwaka 2020 yalikuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi, nayo yanahesabiwa kuwa machanga huko. Dunia ni kichwa cha nyundo. Bado tunakunywa chai.

Watu wengi hudhani chini ya miguu yetu kuna bahari ya lava inayongoja tundu. Hakuna. Chini ya ganda kuna jiwe, gumu, la moto sana, linalotambaa kwa mwendo wa ukucha kuota. Halikuyeyuka kwa sababu limebanwa na uzito ulio juu yake. Likipanda, mbano hulegea, nalo huanza kutoa jasho la uji, bila mtu kuongeza kuni hata moja. Huo uji ndio magma. Ukiwa mwepesi, gesi hutoka kwa mapovu na lava hutiririka. Ukiwa mzito kama ugali uliokaribia kuiva, gesi hunaswa, na kila aliyewahi kusonga ugali anajua unavyoruka na kumchoma mkono. Nyiragongo, pale juu ya Goma, ni wa uji mwepesi kupita kiasi: Januari 1977 ziwa lake la lava lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na watu walikimbizwa na jiwe.

Mirihi, iliyo kubwa kuliko msumari na ndogo kuliko nyundo, ilibaki na moto wa kutosha kujenga Olympus Mons, mlima wa kimo cha kilomita 22 hivi na upana wa kilomita 600. Ganda la Mirihi halisafiri kama la kwetu, kwa hiyo lava ililundikana palepale juu ya tundu lilelile kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Uweke huku kwetu: ukingo mmoja baharini kupita Dar es Salaam, mwingine karibu na Arusha, na kilele juu ya mabasi yaliyosimama Korogwe kwa chakula cha mchana. Ni jitu, lakini kwangu halikuwa na fumbo. Fumbo lilikuwa Io.

Io ni mmoja wa ile miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo Galilei aliiona Januari 1610. Ina kipenyo cha kilomita 3,640 au zaidi kidogo, yaani inazidi Mwezi wetu kwa unywele. Kwa hesabu ya msumari ilipaswa kuzimika zamani. Badala yake ina volkano hai zaidi ya 400. Hakuna kitu katika jamaa ya Jua letu kinachoikaribia. Nilimweleza mzee hivyo, kwamba kuna msumari umekataa kupoa. Hakushangaa. Aliokota kipande cha waya wa uzio, akakipinda huku na huku mara ishirini hivi kwa haraka, akanibandika kile kikunjo kwenye kifundo cha mkono. Niliruka.

"Haya," akasema, "nani anaupinda?"

Ni swali ambalo wataalamu watatu wa Marekani, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds, walikuwa wamelijibu kwenye karatasi. Mshtarii ni mkubwa mno na Io iko karibu naye mno. Humzunguka kwa saa 42 na nusu. Ingekuwa peke yake, njia yake ingekuwa duara safi, ingevutwa upande mmoja ikatulia na umbo lake la yai. Lakini ina ndugu. Kila Europa ikizunguka mara moja Io imezunguka mbili, na kila Ganymede ikizunguka mara moja Io imezunguka nne, kwa hiyo ndugu hao humsukuma mahali palepale, mara kwa mara, na njia yake haipati kuwa duara. Mara yuko karibu, mara mbali. Mvuto hukaza na kulegea. Pwani ya Tanga maji ya bamvua hupanda mita tatu hivi, na ni maji. Kule ardhi yenyewe, jiwe, huweza kupanda na kupwa hadi mita 100 kwa kila mzunguko. Waya unapindwa usiku na mchana. Nasi wenye mafiga matatu jikoni tunaweza kulipokea hili bila taabu: moto wa kuzaliwa, moto wa mawe yenyewe, na huu wa kupindwa.

Hesabu yao ilichapishwa tarehe 2 Machi 1979, wakisema Io huenda imeyeyuka ndani. Siku tatu baadaye chombo Voyager 1 kilipita karibu na Mshtarii.

Waliokuwa wakizitazama picha nzuri za Io, zile za rangi, hawakuiona volkano ikilipuka. Aliyeiona ni Linda Morabito, mhandisi wa timu ya kuongoza chombo kule Pasadena, California, ambaye hakuwa akitafuta volkano. Kazi yake ilikuwa kupima chombo kiko wapi, na kwa kazi hiyo alihitaji nyota hafifu nyuma ya Io. Picha yake ilipigwa tarehe 8 Machi kwa makusudi ya kunasa mwanga dhaifu, hata Io yenyewe ikaungua na kuwa doa jeupe lisilo na uzuri wowote. Tarehe 9 akaongeza mwanga wa sehemu za giza atafute nyota zake, na pembeni mwa Io, nje ya ukingo, pakatokea kitu kama mwavuli. Alifikiri huenda ni mwezi mwingine nyuma yake, hesabu zikakataa. Akaondoa sababu moja baada ya nyingine hadi ikabaki ile isiyosadikika: wingu lililorushwa karibu kilomita 300 kwenda juu. Nilipofika hapo mzee alitikisa kichwa kuelekea magunia yake ya mkonge. Bila shaka. Wengine wote walikuwa wamefungua madirisha.

Sikusudii kusema mhunzi ni mwanasayansi ama mwanasayansi ni mhunzi. Maneno ya namna hiyo hayamnufaishi yeyote. Nasema kuna ustadi mmoja, wa kuujua moto kwa kuutazama tu, na nimeuona ukifanywa kwa umbali wa hatua mbili na kusoma ukifanywa kwa umbali wa kilomita milioni 600, na tahadhari zake ni zilezile.

Mwanga wa Jua, kwa mfano. Io ikiwa mchana, mng'ao wa lava yake humezwa. Kwa hiyo wapimaji hungoja ipite kwenye kivuli cha Mshtarii, na katika saa chache za kupatwa huko ndipo volkano zake hujitokeza moja moja kama makaa yaliyofunuliwa. Kisha hawaangalii rangi kwa jicho. Hupima mwanga katika rangi mbili au zaidi, nyingi zikiwa chini ya ule wekundu ambapo jicho la binadamu huishia, wakalinganisha ipi imezidi. Uwiano huo ndio joto. Mzee akisema "kati ya pilipili na chungwa, ila chungwa limezidi," anafanya jambo lilelile bila tarakimu.

Na ngozi ni mwongo huko pia. Lava ikifika juu hupata ganda jeusi kwa sekunde, kwa hiyo mwanga unaokufikia ni mchanganyiko wa ganda lililopoa na nyufa zinazowaka, na ni juu yako kukisia kila kimoja ni kiasi gani. Mwaka 1997 chombo kilichoitwa Galileo kilinasa mlipuko mkubwa mahali panapoitwa Pillan. Hesabu za mwanzo zilitoa zaidi ya nyuzi 1,600, joto ambalo volkano za leo za Dunia hazilijui, na watu wakaanza kujenga nadharia juu yake. Mwaka 2007 hesabu ilirudiwa, wakizingatia upya jinsi lava inavyopoa, ikashuka hadi 1,340 hivi. Sijawahi kusikia mtu akiisimulia habari hiyo kama aibu. Waligonga ganda kwa nyundo, wakakuta rangi nyingine.

Kuna na uvumilivu ambao hauna hata utamu wa rangi. Zuhura imefunikwa na mawingu daima. Chombo Magellan kiliipiga picha kwa rada mwanzoni mwa miaka ya 1990, picha zikabaki kwenye hifadhi. Miaka thelathini baadaye Robert Herrick wa Alaska alikaa kwa takribani saa 200 akilinganisha kwa mkono picha za mahali palepale zilizopigwa miezi tofauti, kutoka pembe tofauti, kazi ambayo kompyuta haikuimudu. Karibu na mlima Maat Mons alikuta tundu lililokuwa duara Februari 1991 na kufikia Oktoba limepanuka na kubadilika umbo. Machi 2023 ikatangazwa. Saa 200 kwa tundu moja! Mke wangu aliniuliza kama mtu huyo ana familia.

Siku ya pili nilimwonyesha mzee picha za video za Ol Doinyo Lengai kwenye simu, mlima wa Mungu wa Wamasai, ulio hapahapa nchini na usio na mwenzake duniani. Lava yake si ya mawe ya kawaida. Ni jamaa ya magadi tunayotia kwenye kande. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliichukua mwaka 1960 na kuonyesha kuwa ni sodiamu na kalisi za namna hiyo, jambo ambalo wenzake wengi walikuwa hawaamini kuwa linawezekana. Huyeyuka kwa nyuzi 500 hadi 600 tu, na mchana hutiririka nyeusi, nyepesi, kama oili chafu ya gereji. Ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe kwa siku chache, hata wageni hudhani kileleni kuna theluji. Mzee alitazama ile oili ikipita. Kwa hesabu yake hiyo ilikuwa baridi, joto ambalo kwake hata msumari haupindi. Nikangoja aseme ni tope. Alisema, "Usiku mmeiangalia?"

Usiku huwaka wekundu hafifu. Damu ya mzee.

Nilimsimulia na Enceladus, kamwezi ka Zohali ka kilomita 500 kutoka ukingo hadi ukingo, ambako chombo Cassini mwaka 2005 kilikuta kanarusha angani maji na chembe za barafu kutoka kwenye nyufa za ncha ya kusini. Volkano ya maji, moto wake ukiwa ni uleule wa kupindwa. Hiyo haikumvutia. Maji alikuwa nayo kwenye pipa.

Jioni alikuwa na visu vinne vya kumalizia. Kisu kikishachovywa majini kutoka kwenye wekundu huwa kigumu kama kioo, nacho kama kioo hukatika. Ni lazima kirudishiwe moto kidogo kilegee. Alisugua ubapa mmoja kwa kipande cha tofali mpaka ukang'aa, akaulaza juu ya chuma cha moto, si ndani ya makaa. Hapa rangi si mwanga tena, ni kivuli kinachotambaa juu ya mng'ao: kwanza mabua makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, mwisho samawati. Kisu cha mkonge kinatakiwa kati ya mabua na kahawia, na safari hiyo ya rangi haizidi pumzi chache. Kwa jirani zetu Wapare uhunzi ulikuwa wa ukoo, Washana, na watu waliwaheshimu kwa kuwaogopa. Nilipokiona kile kivuli kikitembea bila kuguswa na mtu, nilielewa.

Cha kwanza alifanya mwenyewe. Cha pili akampa mjukuu koleo, akarudi nyuma hadi gizani ambako nilibaki kuona miguu yake tu.

Kijana aliinama. Mabua yalitokea upande wa makali, yakaanza kusogea.

"Babu, sasa?"

Kimya.

"Babu?"

Kisu kikaingia pipani, kikalia. Mzee akaja, akakipokea kikiwa bado kinatoa matone, akakigeuzageuza mbele ya makaa. Katikati kulikuwa na doa la zambarau, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Hakugomba. Alikilaza tena ndani ya makaa kianze upya, na kijana akarudi kwenye gurudumu la baiskeli.